Mvua, Pua na Shangazi

Machi 6
Mvua imeanza leo bila hata kubisha hodi. Nimelowa kuanzia ofisini mpaka mlangoni kwangu, mwavuli wangu ukiwa salama salimini kabatini.

Machi 8
Mafua. Nimelala siku nzima.

Machi 11
Homa imeondoka, lakini imeondoka na kitu changu. Asubuhi nimechemsha chai, nikatia tangawizi nyingi, nikanywa. Ukali nimeukuta kooni, ladha hakuna. Nikaongeza sukari, ikawa maji ya moto mazito. Nikafungua chupa ya siki nikaivuta kwa nguvu: imeniwasha pua mpaka machozi, harufu sina. Mwishowe nikamwaga chumvi kiganjani nikalamba kama ng'ombe. Mchanga mtupu.

Kwa mtu mwingine hili ni la kumsimulia jirani na kucheka. Mimi ndiye mwandishi wa ukurasa wa chakula. Jumamosi watu hufungua gazeti kujua waende kula wapi, na ni ulimi huu huu unaowaambia. Nimekaa jikoni nikiwa na hofu ya kweli.

Machi 13
Daktari ameniangalia puani kwa kile kitochi chake. Eti itarudi. Nikamuuliza lini. "Wiki kadhaa, miezi. Wengine..." halafu akaanza kuandika. Sikulipenda hata kidogo hilo "wengine".

Kutoka hapo nikaenda ofisini, na mhariri wetu, ambaye tunamwita Leo-Leo kwa sababu kila kitu anakitaka leo, alikuwa ananisubiri na uso wa sikukuu.

"Dada, mji umechangamka. Kuna uyoga unauzwa kama nyama, biskuti za wadudu, vinywaji vya maganda, mboga za kuchachusha kwenye mitungi. Watu wanasikia tu, hawajui waende wapi. Wewe waoneshe. Ukurasa mzima, kila Jumamosi, mpaka mvua ziishe."

Ukurasa mzima! Nimeutamani tangu naajiriwa. Na yule mwandishi wa michezo alikuwa pale mlangoni, ameutolea macho kama paka. Nikasema nimekubali. Ningesema nini? Kwamba fundi cherehani amepofuka?

Machi 14
Shangazi amekuja kumwona mgonjwa, na supu kwenye chupa ya chai. Huyu ni dada wa baba yangu, mjane tangu mwaka jana, anaishi chumba kimoja nyuma ya soko. Katika ukoo wetu hakuna aliyeoa, aliyeolewa wala aliyezikwa bila mwiko wake kuingia sufuriani. Nampenda, ila kwa dozi. Akikaa kutwa ataniambia nimekonda, nimenenepa, pazia langu limepinda, na kwa nini sina mtu.

Alipokuwa ananipangia vikombe upya ndipo wazo likanijia. Nina nini mimi kama si shangazi mwenye ulimi bora kuliko wote ninaowajua? Nikamwambia, "Shangazi, kesho nakwenda kula mahali kwa ajili ya kazi. Nisindikize, sipendi kula peke yangu."

Akaacha vikombe. "Kula tu? Hakuna kupika?"

"Kula tu."

"Haya basi. Tusije tukachelewa."

Kuhusu pua yangu sikumwambia kitu. Shangazi akijua, ukoo mzima umejua kabla ya adhuhuri.

Machi 15
Uyoga. Mahali penyewe ni ghorofa ya pili juu ya duka la vioo, ngazi ziko kwa nyuma. Mwenye mgahawa anaukata uyoga vipande vikubwa, anaukandamiza chini ya sufuria nzito, anaukaanga mpaka uwe na rangi ya nyama. Meza ya jirani yetu kulikuwa na akina dada watatu wa benki wanaokula huku wamefumba macho.

Shangazi alikuja amevaa vitenge vyake vya shughuli. Akatafuna, akawatazama wale wadada, akatafuna tena.

"Nyama hii haina ugomvi," akasema. "Unaitafuna, inakubali."

Nikaandika kwenye kiganja chini ya meza. Akaendelea: "Sikiliza inavyolia kwa pembeni, pale palipoungua. Hapo ndipo mpishi mwenyewe alipo." Halafu akamwagia pilipili mpaka mhudumu akashtuka.

Nimeandika ukurasa wote kwa maneno yake. Leo-Leo ameusoma amesimama. "Dada, umeamka!"

Machi 16
Gazeti limetoka. Mvua kutwa.

Machi 20
Simu za wasomaji zimekuja nyingi, na hakuna hata mmoja anayeniuliza mimi. Wanamuuliza Shangazi. Shangazi anasemaje? Shangazi anakwenda wapi wiki hii? Nimemwambia, akajifanya hajasikia, kisha akaniomba gazeti lile. Nimemkuta amelibandika ukutani juu ya jiko lake.

Machi 28
Biskuti za unga wa nyenje. Duka dogo mkabala na stendi, linafunguliwa saa za mchana tu. Mwenye duka, dada mmoja mrefu aliyesomea kemia, anasema chakula cha kesho ndicho hiki, hakili maji mengi wala majani mengi.

Shangazi aliichukua biskuti kwa vidole viwili kama anaokota hirizi. "Mwanangu, wadudu hawa nimewafukuza jikoni miaka arobaini. Leo nawalipia?" Watu wakacheka duka zima. Akala. Akamwangalia mzee mmoja pembeni aliyekuwa anachukua ya tatu, akasema, "Ukisahau jina lake, huna kesi nayo."

Nimecheka mpaka nimepaliwa. Nilikuwa nimesahau kwamba mimi sionji chochote.

Aprili 2
Nimejaribu tena chumvi. Hamna.

Aprili 5
Shangazi huwa tayari saa nzima kabla sijamfuata. Leo jirani yake ameniambia, "Afadhali umemtoa. Tangu afiwe alikuwa anakula mkate na chai ya rangi, tena amesimama." Sikuwa najua. Nilikuwa nampelekea sukari mwisho wa mwezi na kudhani nimemaliza.

Aprili 11
Mgahawa wa wasiotupa kitu, kwenye nyumba ya zamani karibu na kiwanda cha sabuni. Supu ya maganda ya viazi, kinywaji cha maganda ya nanasi kinachotoa povu, chipsi za ngozi ya samaki. Shangazi amefurahi kuliko siku zote. "Hawa si wapya. Hawa ni maskini waliopaka rangi ukuta," akasema, na mwenye mgahawa, ambaye nilidhani atanuna, akamshika mkono na kumwingiza jikoni. Wamekaa huko mpaka mvua ikakatika. Nikiwa nimebaki peke yangu na sahani, nimegundua namngojea. Tena si kwa ajili ya ukurasa.

Aprili 18
Mboga za mitungi. Nipakumbuke mahali hapa: kichochoro kati ya duka la spea na kinyozi, mlango wa bluu. Mwenyewe ni fundi wa friji. Umeme ulivyokatika-katika miaka ile, na wateja wakamjia na nyama zilizooza wakimlaumu yeye, akaamua kutafuta chakula kisichohitaji friji. Sasa ana rafu mpaka darini, mitungi ya kioo ya kabichi, karoti, figili, matango, kila mmoja na tarehe yake.

Alitutambua tulipoingia tu. Akakimbilia nyuma ya pazia, tukasikia vyombo vikianguka, akarudi na sahani mbili zilizojaa.

Shangazi aliwatazama wateja wa meza ya pili, mume na mke wanaogombania mtungi mmoja, akaanza kula. "Inalia kama unatembea juu ya changarawe," akasema. "Na haichoshi mdomo." Nikamaliza sahani, yeye akamaliza yake akakomba na mchuzi. Fundi alikuwa anachungulia kwenye pazia, amekodoa macho. Nikampungia mkono kumpa moyo.

Tumerudi na kiu ya ajabu. Shangazi kanywa jagi zima nyumbani kwangu, mimi nusu ndoo.

Aprili 20
Ukurasa umetoka. Nimeandika "uchachu wa upole, wa mtu asiyetaka kukuamsha kwa kelele". Leo-Leo anasema kichochoroni kuna foleni mpaka kwa kinyozi.

Aprili 22
Shangazi anasema viatu vimembana. Nikamwambia ni mvua, ngozi inasinyaa. Nilikuwa na haraka.

Aprili 24
Jirani yake amenipigia simu nikiwa kwenye kikao. Shangazi ameanguka bombani, ndoo mkononi. Nimekimbia na viatu vya ofisini kwenye matope, sikumbuki hata nilivyofika.

Nimemkuta kitandani hospitali, miguu imevimba kama mito, uso umebadilika. Presha imepanda vibaya. Alikuwa na dawa zake na alikuwa anazinywa, maana kwenye dawa Shangazi ana nidhamu kuliko askari. Daktari akaniita pembeni.

"Huyu mama anakula chumvi kiasi gani?"

Nilikaribia kukasirika. "Daktari, huyu ni mpishi. Amepikia arusi zetu zote. Chumvi anaijua kuliko mimi na wewe."

"Mwili wake hausemi hivyo," akanijibu, kwa upole tu, na akaendelea na wagonjwa wake.

Nimekaa kwenye benchi la varanda, mvua inapiga bati, nikimwomba Mungu kwa maneno ya kitoto kabisa. Usinichukulie huyu. Nimeanza tu kumjua. Kila nilipofumba macho nilimwona amesimama jikoni kwake na mkate wake, na mimi nikipita barabarani na gari la ofisi, wala sisimami.

Aprili 25
Yuko vilevile. Hatari haijaisha, anaweza kupona, anaweza kupata kiharusi. Sijaandika mstari wa kazi.

Aprili 26
Nimepita ofisini kuomba ruhusa. Mapokezi namkuta fundi wa friji, amekaa ukingoni mwa kiti, mtungi mapajani.

"Mama, nimekuja kusema kweli, maana usingizi umenikimbia. Watu wanakuja kwangu kwa sababu yako, na mimi siku ile sikuwalisha chakula."

"Ulitulisha nini?"

"Mboga zikiwa mbichi tunaziloweka kwenye ndoo ya chumvi kali, siku nzima. Halafu zinasuuzwa maji mara kadhaa ndipo ziingie mtungini. Mimi kwa kiwewe nikachota kwenye ndoo. Hazijasuuzwa! Nilipogundua mlikuwa mmeshaanza. Nikasema sasa hivi watatema, watanitukana, nimekwisha. Mkala. Mkamaliza. Yule mama akakomba mpaka mchuzi." Akaugeuza mtungi mapajani. "Mama, ule mchuzi hata mimi siwezi kuulamba."

Nilibaki nimeshika mkoba. Mimi, sababu yangu naijua. Lakini yeye? Ulimi bora kuliko wote katika ukoo? Hapo pilipili zote zikanirudia, kila chakula na pilipili, maana ukali ndicho kitu pekee kinachofika. Na macho yake kwenye meza za watu. Hakuwahi hata siku moja kuniambia kitu kina chumvi au hakina. Aliniambia kinavyolia, kinavyotafunika, na watu wanavyokitazama. Mimi mwandishi wa chakula nimeandika yote hayo kwa mkono wangu, nisione.

Nimemfuata hospitali saa ya chakula cha mchana. Walikuwa wanagawa supu isiyo na chumvi, na wodi nzima inalalamika. Shangazi, uso umeanza kurudi, anakunywa kimya kimya.

"Ina ladha gani, Shangazi?"

Akageuza macho kitanda cha jirani.

"Usimwangalie huyo. Niangalie mimi."

Akaweka kijiko chini.

"Tangu marehemu aanze kuumwa," akasema. "Asubuhi moja niliamka, uji hauna kitu. Nikasema ni uchovu. Mpaka leo."

"Mbona hukutuambia?"

"Niwaambie ili iweje? Katika ukoo huu mimi ni mwiko, mwanangu. Ukiuondoa mwiko, kinachobaki ni bibi kizee kwenye kiti cha plastiki, analetewa soda. Mnaniita shughuli zikiwapo. Zisipokuwapo mnaniita nani?"

Nikamsogezea mto.

"Nyumbani natia chumvi, naonja, sisikii, natia tena," akasema. "Nikifikiri labda leo itafika. Na wewe ulivyoanza kunichukua, nikajua wewe ndiye mwonjaji, una elimu yako. Mimi kazi yangu ni porojo. Nikiacha porojo hutanichukua tena."

"Shangazi, mimi tangu yale mafua sionji kitu. Nilikuchukua ili wewe ndiye uonje."

Akanitazama. Nikamtazama. "Yaani ile foleni ya kichochoroni..." akaanza, hakumaliza. Alicheka mpaka kitanda kikalia, na mimi nikacheka, nesi akaja akidhani kuna mtu anakufa.

"Wanasema ukila na kipofu usimguse mkono," akasema akijifuta macho na ncha ya kanga. "Hawakusema vipofu wakiwa wawili nani amwachie mwenzake."

Nikalaza kichwa changu kwenye shuka lake, nikalia kweli kweli. Akanipapasa kichwa, akaniambia nywele zangu zimekauka, nipake mafuta.

Aprili 29
Ametoka hospitali, yuko kwangu. Daktari amesema chumvi yake kwa siku nzima isizidi kinachoenea kwenye ncha ya kijiko, na asipike tena bila mtu wa kumwonjea. Pazia langu limenyooshwa.

Mei 2
Nimemwambia Leo-Leo kuhusu pua yangu. Ameshika kichwa, amezunguka meza, amenitukana kwa adabu, kisha akakaa. "Wasomaji lazima wajue. Na Shangazi je?"

"Shangazi anaumwa presha. Hayo tu."

Kabla ya kuandika nilipita kwa fundi. Nikamwambia nitaeleza ya ndoo, lakini sahani itakayotajwa gazetini itakuwa moja, ya kwangu. Alinielewa kabla sijamaliza. "Sahani ilikuwa moja," akasema. "Mama yako mwenyewe hakuwa na njaa siku ile." Nikamwacha amuite mama yangu.

Mei 4
Gazeti limetoka. Wengine wamenicheka, wengine wamekasirika, na wana haki. Ukurasa umekatwa nusu, nusu amepewa yule wa michezo. Nilidhani itaniuma zaidi. Kichochoroni foleni haijapungua, maana mboga za mtungini, wanasema, ni tamu kweli.

Mei 9
Mvua. Nimempikia Shangazi, yeye kakaa kwenye kiti akinisimanga jinsi ninavyokata kitunguu.

Mei 14
Harufu! Asubuhi natoka bafuni nikakutana na kitu kibaya sana, kizito, kama mbwa aliyelowa. Nikasimama. Ni viatu vyangu vya ofisini, vile nilivyokimbilia hospitali, vimeoza nyuma ya mlango. Nimeviinamia nikavinusa tena na tena kama mwehu. Shangazi akatoka, "We mtoto, kulikoni?" Nikamwambia, "Vinanuka, Shangazi! Vinanuka!"

Akapiga kigelegele. Halafu akafurahi kwa muda mrefu, kupita kiasi, akaenda kutandika kitanda ambacho kilikuwa kimeshatandikwa.

Mei 17
Chumvi imerudi, na sukari kwa mbali. Nimekwenda kwa fundi, nimekula mtungi wenyewe. Wanasema kweli.

Mei 20
Binamu yangu anaolewa Jumamosi. Baba mdogo amepiga simu: kwa kuwa Shangazi ametoka kuumwa, wameona waite wapishi wa kukodi, yeye apumzike, watamwekea kiti kizuri mbele.

Shangazi alisikia yote, maana Baba mdogo hajui kuongea taratibu. Aliendelea kuchambua mchele. Mikono tu ndiyo iliyobadilika, alikuwa anatupa punje nzuri.

Nikamwambia Baba mdogo, "Usilipe mtu. Shangazi atapika. Mimi nitakuwa msaidizi wake."

"Wewe? Unajua kupika wewe?"

"Najua kuonja."

Mei 25
Jua. Jua la kwanza la kuaminika tangu Machi, na matope ya uani yameanza kukauka.

Tumeingia jikoni kwa Baba mdogo alfajiri. Shangazi na kanga zake mbili kiunoni, sufuria zinazoweza kumficha mtu, na mwiko ule ule. Tulikubaliana tangu nyumbani: nikipita karibu yake atanipa mwiko kana kwamba ananifundisha. Nikigusa sikio, chumvi bado. Nikijifunga kanga upya, imetosha. Wake za binamu wamezunguka kila mahali, na hakuna aliyeona kitu. "Anamrithisha," nimesikia mmoja akisema, na mwenzake akajibu, "Naye alikuwa wapi siku zote?"

Katikati ya mchuzi alinipa mwiko, nikaonja, nikajifunga kanga. Akaniamini. Hakurudia hata mara moja.

Walikula wakanyamaza, jambo ambalo ukoo wetu haufanyi hovyo. Baba mdogo akaja jikoni na sahani yake ya pili. "Dada, mkono wako haujabadilika!" Shangazi akamjibu, "Mkono haubadiliki," akanikanyaga mguu.

Watu walipopungua tukakaa sisi wawili juu ya ndoo zilizopinduliwa, nyuma ya jiko. Chakula chake nilikuwa nimekichota mapema, kabla chumvi haijatiwa kwenye sufuria. Mimi nilikuwa na cha watu wote. Akala tonge mbili, akasimamisha mkono.

"Haya. Kimekuwaje?"

"Kitamu, Shangazi."

"Kitamu ndiyo nini? Unalipwa mshahara kusema kitamu? Niambie."

Nikatafuta maneno. Nimeandika habari za chakula miaka mingi, na nilikuwa sina hata moja. Nikachukua tonge nyingine, nikaishikilia mdomoni.

"Kitunguu kimekwenda mpaka kimekuwa sukari," nikasema. "Chumvi imekaa nyuma yake, haijitangazi. Halafu mwishoni kuna ule moshi. Ule wa tulipokuwa watoto, tunajificha hapa nyuma ya jiko, tunangoja utugeuzie mgongo ili tulambe mwiko."

"Nilikuwa nawaona."

"Tulijua."

Akachukua tonge yake isiyo na chumvi, akaifumbia macho, akatafuna taratibu mpaka ikaisha.

"Ehee," akasema. "Ndicho chenyewe. Endelea."